Siku Moja Cefalù, Sisilia, bila Kuiharibu: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu Cefalù ni yale yale kila msimu. Mtu amefika adhuhuri, jua linachoma, kanisa limefungwa, mgahawa umezima jiko, ufukweni hakuna pa kutandika hata leso. Anarudi Palermo amekasirika, na wengine wanarudi na karatasi ya faini ya treni mfukoni.

Mji hauna kosa. Kosa ni mpangilio. Cefalù unataka jabali asubuhi, kanisa kabla ya adhuhuri, kivuli mchana, bahari alasiri na bandari ya zamani jua linapotua. Ukipindua mfuatano huo kila mlango utaukuta umefungwa. Mimi mwenyewe niliupindua mara ya kwanza: nilianza na bahari, nikaupanda mlima mchana wa Agosti kwa kandambili. Mlinzi wa langoni aliitazama miguu yangu, akatikisa kichwa, na alikuwa na haki.

Mji uko pwani ya kaskazini ya Sisilia, kisiwa cha Italia, kama kilomita 70 mashariki mwa Palermo, jiji kuu la kisiwa, umebanwa kati ya maji na jabali la mita 268. Mwongozo huu ni wa anayelala Palermo na kwenda Cefalù kwa siku moja kwa treni. Ukitaka kulala huko huko ni bora zaidi, na hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Viatu vya kufunika mguu, vyenye soli ya kushika. Mawe ya njia ya mlimani yamelainishwa na miguu ya watu. Kandambili weka ndani ya begi, zitafaa alasiri.
- Kanga au kikoi. Sisemi kwa mapenzi ya nyumbani. Kanga moja utajifunika mabegani kanisani, utaitandika mchangani, utajifutia maji na utajikinga jua. Mwanamume mwenye kaptula ajifunge kikoi mlangoni mwa kanisa.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia na losheni ya kuzuia jua. Weusi wa ngozi haukukingi na jua la Julai la huko.
- Pasipoti yenyewe, na kibali cha ukaazi kama unacho. Hoteli za Italia zinawajibika kisheria kuandikisha wageni polisi, kwa hiyo utaombwa hati hata kama umelipa zamani. Stesheni na ndani ya treni pia unaweza kuulizwa, na sisi wenye sura za Afrika tunaulizwa zaidi. Nakala ya simuni haitoshi kila mara.
- Adapta ya umeme. Plagi ya Kenya na Tanzania ya miguu mitatu ya bapa haiingii ukutani Italia.
- Sarafu za euro kwa choo, kahawa na vibanda vidogo.

## Hatua ya 1: Maliza suala la viza mapema

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Italia ikiwemo. Inaruhusu hadi siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Usingoje hizo siku 15, kwa sababu nafasi za miadi huisha kabla ya msimu wa joto.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen.

Wengi hujikwaa kwenye kuchagua ubalozi. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukikaa Sisilia siku tano na Paris siku mbili, ombi ni la Italia.

Kwa walioko Ulaya: kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kinakutosha pamoja na pasipoti. Kibali cha Uingereza hakitoshi. Nimeshaona familia iliyosimamishwa kwenye dawati la ndege kwa kudhani kwamba Ulaya yote ni moja. Ukiishi Uingereza au Oman, omba viza huko huko unakoishi.

## Hatua ya 2: Chagua mwezi, kisha siku

Mwisho wa Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Kati ya hiyo, Septemba ndiyo bora: bahari imepata joto la kiangazi kizima na watoto wa Italia wanarudi shule. Mei inapendeza kwa kutembea, ila mtu aliyezoea maji ya Nyali au Kigamboni atatia mguu baharini na kuutoa.

Epuka wiki ya tarehe 15 Agosti. Ni sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima huwa ufukweni.

Agosti ina jambo moja tu linaloweza kunirudisha. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 mji husherehekea Mwokozi Mtakatifu, na siku ya mwisho hufanyika *'ntinna a mari*: mlingoti uliopakwa vitu vya kuteleza hulazwa juu ya maji ya bandari ya zamani, na vijana hutembea juu yake kuifuata bendera iliyo ncha ya mwisho. Wengi huangukia baharini, mji mzima unacheka. Aliyewahi kuona mbio za punda Lamu ataielewa furaha ile bila mkalimani.

Siku ya juma nayo ina uzito wake. Jumapili wenyeji wa Palermo huja kuogelea, na treni huwa chache. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi.

## Hatua ya 3: Geuza saa kabla ya kugusa ratiba

Usiiruke hatua hii. Ratiba za Italia huandikwa kuanzia 00 hadi 23. Kuanzia 07 mpaka 18, toa 6 upate saa yetu. Kuanzia 19 mpaka 23, toa 18.

Kwa hiyo 08:00 ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana, na 20:00 ni saa 2 usiku. Hatari ni ile namba inayofanana pande zote mbili: Mwitalia akikwambia treni ni ya "otto", yaani nane, anamaanisha saa 2 asubuhi yetu. Msomaji mmoja alifika stesheni saa nane mchana akiwa ametulia kabisa, treni yake imeondoka saa sita zilizopita.

Andika kwenye karatasi saa zote mbili kwa kila safari, ya kwenda na ya kurudi. Karatasi hiyo ikiwa mfukoni, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 4: Panda treni sahihi, kwa tiketi iliyo hai

Uwanja wa ndege wa Palermo, Punta Raisi, uko magharibi mwa jiji, na Cefalù uko mashariki. Usijaribu kushuka kwenye ndege na kwenda moja kwa moja ukitegemea siku nzima ya matembezi. Lala Palermo kwanza.

Asubuhi nenda stesheni ya Palermo Centrale. Lenga treni inayoondoka karibu saa 1 asubuhi (07:00). Safari huchukua kati ya dakika 45 na saa moja na kidogo, na nauli ya treni ya kawaida, *Regionale*, haifiki euro 10 kwa upande mmoja.

Kwenye ubao wa PARTENZE, yaani treni zinazoondoka, huenda usilione neno Cefalù. Ubao huandika kituo cha mwisho, na treni nyingi za njia hiyo huendelea hadi Messina au Sant'Agata di Militello. Tafuta namba ya treni iliyo kwenye tiketi yako, kisha soma safu ya *binario*: ndiyo njia ya reli utakayopandia. *Ritardo* ni kuchelewa. *Soppresso* ni imefutwa.

Onyo la faini. Tiketi ya karatasi ya Regionale haijawa hai mpaka uigonge kwenye mashine ndogo iliyo kando ya njia za reli. Iingize mpaka usikie inachapa, kisha hakikisha tarehe na saa zimetokea. Tiketi ya simuni nayo hutaka uthibitishe safari kwenye programu kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi hadithi ya ugeni, hata iwe ya kweli.

Siku ya mgomo, *sciopero*, isikutie hofu sana. Siku za kazi kuna treni zinazolindwa kisheria kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi (06:00 hadi 09:00), na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku (18:00 hadi 21:00). Sababu nyingine ya kuondoka mapema.

Kaa upande wa kushoto. Baada ya Termini Imerese reli inaambaa na bahari, na ukiona jabali kubwa lenye kipara limesimama peke yake mbele, simama ushike mizigo yako.

## Hatua ya 5: Panda La Rocca kabla jua halijapanda

Kutoka stesheni tembea kama dakika 10 hadi 15 kuelekea mji wa kale, ufuate vibao vya *Rocca*, ndilo lile jabali. Njia ya kupanda huanzia karibu na Corso Ruggero, barabara kuu ya mji huo. Kiangazi lango hufunguliwa saa 2 asubuhi (08:00), na kiingilio ni euro chache. Mvua au upepo mkali ukiwapo, hawafungui, na usibishane nao: mawe yale yakilowa ni sabuni.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu mlimani hakuna duka, hakuna bomba la kutegemea, na kivuli ni kidogo. Saa 3 asubuhi ni matembezi ya kupendeza, saa 7 mchana ni adhabu.

Panda kwa awamu mbili. Ya kwanza, kama nusu saa, inakufikisha kwenye kuta za ngome na kwenye jengo la mawe makubwa liitwalo Hekalu la Diana. Wenye magoti mabovu waishie hapo bila aibu, maana mandhari bora kuliko zote iko kwenye ukuta huu: mapaa mekundu, minara miwili ya kanisa na ghuba nzima chini ya miguu yako. Awamu ya pili hupanda hadi mabaki ya ngome kileleni, ina mwinuko mkali, na malipo yake ni upepo. Siku isiyo na ukungu utaviona visiwa vya Eolie kwa mbali.

Ukiwa juu, igeukie bara. Kwenye vilima vya nyuma kuna mahali patakatifu paitwapo Gibilmanna. Hilo *gibil* ni jabali letu, kwa mzizi ule ule. Waarabu walikitawala kisiwa hiki tangu karne ya 9 hadi Wanormani walipokitwaa karne ya 11, na maneno yao hayakuondoka nao. Sokoni utakutana na *zibibbo*, ambayo ni zabibu, na *zafferano*, ambayo ni zafarani. Mswahili haingii Sisilia mgeni kabisa.

Hatua hii imefaulu ukiwa umeshuka na kufika chini kabla ya saa 5 (11:00), ukiwa bado na maji kidogo kwenye chupa.

## Hatua ya 6: Ingia Duomo ukiwa umejifunika

Kanisa kuu lilianzishwa na mfalme Roger wa Pili mwaka 1131, na tangu 2015 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo ya Palermo na Monreale. Yatosha kwa historia.

Mabega na magoti yafunikwe, na hapa ndipo kanga inapofanya kazi. Ingia kabla ya adhuhuri, kwani makanisa mengi ya Sisilia hufunga kwa saa kadhaa mchana, hasa nje ya msimu. Misa ikiendelea, ngoja nje au keti nyuma kimya.

Usisimame mlangoni ukapiga picha na kutoka, kama wafanyavyo wengi. Tembea hadi mbele, uinue macho kwenye ukuta wa duara nyuma ya altare. Picha ya Kristo iliyo juu imetengenezwa kwa vipande vidogo vya vioo na dhahabu, na ilikamilika mwaka 1148. Mkononi ameshika kitabu kilichofunguliwa: ukurasa mmoja Kigiriki, mwingine Kilatini, maneno ni yale ya Yohana, "Mimi ni nuru ya ulimwengu". Chini yake ni Maria kati ya malaika wakuu wanne, na chini zaidi mitume kwa safu mbili.

Sasa sogea hatua tatu kulia, kisha tatu kushoto. Dhahabu inabadilika. Mafundi walivipachika vipande vikiwa vimeinama kidogo kidogo ili vishike mwanga, na ukisimama mahali pamoja hutauona ufundi huo.

Kuingia ukumbi wa kanisa ni bure. Minara na ua wa ndani una tiketi zake. Ukiwa umeshapanda Rocca, minara unaweza kuiacha.

## Hatua ya 7: Kula kabla jiko halijafungwa

Migahawa mingi hupika adhuhuri hadi kama saa 9 alasiri (15:00), kisha jiko hulala mpaka saa 1 usiku. Keti ifikapo saa 7 mchana (13:00).

Mambo matatu huwapasua watu kichwa wakati wa kulipa:

Coperto. Ni malipo ya kuketi na mkate, kwa kila kichwa, euro 2 au 3. Si wizi, imeandikwa kwenye orodha ya vyakula.

All'etto. Samaki mzima huuzwa kwa *etto*, yaani gramu 100. Bei ikiwa euro 6, hiyo ni ya gramu 100 tu. Samaki wa gramu 800 ni euro 48. Mwambie mhudumu ampime kwanza, akuonyeshe, ndipo ukubali.

Kahawa ya mezani. Kunywa umesimama kaunta, *al banco*, ni rahisi kuliko kuketi nje penye mandhari ya Piazza Duomo. Unalipia kiti.

Kwa Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe: arancina, ile donge la wali la kukaangwa, mara nyingi lina nyama ya kusaga yenye nguruwe, na ile iitwayo *al burro* kwa kawaida huwekwa *prosciutto*, yaani nyama ya paja la nguruwe. Gamba la cannoli, kitamutamu cha Sisilia, kwa asili hukandwa kwa *strutto*, mafuta ya nguruwe, pamoja na divai. *Pasta a taianu*, chakula cha fahari cha Cefalù chenye biringanya na nyama, mara nyingi huchanganywa nyama ya nguruwe. Sentensi ya kuikariri ni *senza maiale, senza strutto, senza vino*: bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila divai.

Usalama wako uko kwenye nduaro wa kuchoma, dagaa, jodari, pasta ya biringanya na nyanya, na *panelle*: vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Ukila panelle ndani ya mkate utadhani mtu wa bajia alihamia Ulaya. Uliza tu mafuta yamekaanga nini kabla yake.

## Hatua ya 8: Jifiche kwenye kivuli

Kati ya saa 8 na saa 10 maduka mengi yamefungwa, na jua ni kali. Shuka Via Vittorio Emanuele hadi *lavatoio*, mahali pa kale pa kufulia. Ngazi za mawe zinakuteremsha penye ubaridi, maji ya mto Cefalino yanatoka kwenye midomo ya simba wa chuma na kujaza mabeseni yaliyochongwa. Maandishi ya mlangoni yanajigamba kwamba maji hayo ni safi kuliko fedha na baridi kuliko theluji. Tia mikono, usinywe. Popote Italia ukiona *non potabile*, si ya kunywa.

Makumbusho ya Mandralisca ni madogo na yana vitu viwili vinavyostahili kiingilio. Kimoja ni picha ya mwanamume mwenye tabasamu la ujanja, iliyochorwa na Antonello da Messina karne ya 15. Cha pili nakipenda zaidi: chungu cha karne ya 4 kabla ya Kristo kinachoonyesha mchuuzi akikata jodari, na mteja mbele yake ameshika sarafu. Ni soko la samaki la Feri tupu, Dar es Salaam, saa 1 asubuhi.

## Hatua ya 9: Sasa ingia baharini

Kuanzia saa 10 alasiri (16:00) watu wa asubuhi wanaanza kukunja miavuli. Ufuo mkuu ni wa mchanga, chini ya barabara ya Lungomare. Sehemu zenye miavuli ya rangi moja ni *lido*, za kulipia, na safu ya mbele ni ghali zaidi. Tafuta *spiaggia libera*, ufuo wa bure, utandike kanga yako.

Bendera nyekundu ikipepea, usiogelee. Uliza kama kuna *meduse*, yaani yavuyavu. Wakiwapo, wenyeji wenyewe hawaingii. Usinunue mikoba ya majina makubwa kwa wachuuzi wa mchangani, maana sheria ya Italia humtoza faini mnunuzi wa bidhaa bandia.

Jifunge kanga kabla ya kurudi mitaani. Kutembea na nguo ya kuogelea mbele ya kanisa ni utovu wa adabu huko kama ulivyo Mji Mkongwe.

## Hatua ya 10: Bandari ya zamani, kisha stesheni

Pitia Porta Pescara, lango la upinde linalotoka mjini kwenda majini, kisha sogea hadi gati. Geuka uutazame mji: nyumba zimesimama juu ya mawe ya bahari, jabali nyuma yake, na jua la magharibi limezigonga usoni. Mwishoni mwa Juni jua hutua karibu saa 2 na nusu usiku (20:30), kwa hiyo angalia kwanza ile karatasi ya Hatua ya 3. Mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa 11 jioni.

Usipange kurudi na treni ya mwisho. Panga ile inayoitangulia, ili moja ikifutwa ibaki nyingine. Ukizikosa zote mbili, uliza bei ya teksi kabla ya kufungua mlango, uilinganishe na bei ya chumba. Mara nyingi kulala ni nafuu.

Gonga tiketi ya kurudi. Kaa upande wa kulia safari hii, bahari iko huko, ingawa usiku utaona taa za wavuvi tu.